Papa Foto na Kamera Itakayofuata

Kamembe nzima, mji wetu wa Rwanda mpakani na Kongo, ilimwita Papa Foto. Hata bibi yake, yaani mkewe, alimwita hivyo, hasa akiwa na hasira. Studio yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko, na mlango wangu uligusana na wake: yeye alipiga picha, mimi nilishona. Kwa miaka tisa tulitenganishwa na ukuta wa mbao uliopitisha kila kitu, harufu ya dawa zake za kusafishia picha, kelele za cherehani yangu, na zaidi ya yote sauti yake ya kuniita.

"Maman Divine! Kuya uone!"

Sijamjua mtu mwingine aliyeweza kuita hivyo mara kumi kwa siku na kila mara akawa na kitu cha kuonyesha kweli. Mara nyingi kitu hicho kilikuwa kamera ambayo hakuwa nayo.

Kuna mtu anayewaza ng'ombe, kuna anayewaza shamba la bondeni. Yeye aliwaza kamera itakayofuata. Ile aliyokuwa nayo ilikuwa ya lenzi mbili, moja juu ya nyingine, ambayo mpiga picha huinama na kuchungulia kwa juu kama mtu anayeangalia kama maharage yameiva. Aliitunza, aliifunika kwa kitambaa nilichomshonea, lakini moyo wake ulikuwa umeshahama. Alikuwa na daftari la shule ambamo alichora kwa kalamu ya wino kila kamera aliyowahi kuiona au kuisikia, kila moja na ukurasa wake. Kushoto aliandika uzuri wake, kulia ubaya wake. Majina ya viwandani hakuyajali, alizibatiza mwenyewe. Kulikuwa na Ile ya Padri, kwa sababu aliiona kifuani kwa padri. Kulikuwa na Ile Inayotapika, ambayo ukiipiga inatoa picha papo hapo kupitia mdomo wa mbele. Mtu aliyekuja kutafuta picha nne za kitambulisho aliondoka baada ya saa nzima, akijua tofauti ya lenzi ndefu na lenzi pana, jambo ambalo huko kwake Rwimbogo halikumsaidia kupalilia mihogo.

Siku moja alisikia kwamba kamera fulani ina uzito wa zaidi ya kilo moja. Akaenda sokoni, akachagua viazi vitamu, akavipima kwenye mizani ya muuza sambaza, dagaa wa ziwani, mpaka vikafika uzito huo, akavitia kwenye mfuko na kuutundika shingoni. Siku nzima alifanya kazi na viazi kifuani. Mimi nilicheka mpaka uzi ukakatika sindanoni.

"Cheka tu," alisema. "Miye nataka kujua shingo yangu itasema nini mbele apareyi haiyafika."

Apareyi ndilo jina tuliloipa kamera sisi tuliokulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka. Jioni bibi yake alivipika vile viazi, na kwenye ukurasa wa kamera ile, upande wa kulia, Papa Foto akaandika: *Nzito, lakini tamu.*

Alikuwa shemasi kanisani, na somo lake la kila mwaka lilikuwa amri ya kutotamani mali ya jirani. Alilifundisha vizuri sana. Lakini mgeni akiingia harusini na kamera shingoni, shemasi wetu alisahau alikotoka. Nilikuwapo siku alipomwendea mgeni mmoja katikati ya ibada na kumwomba kwa adabu zote aishike kidogo tu, aone inavyofunga jicho. Aliishika, akaigeuza, akaibusu karibu, na huku nyuma yake bwana harusi akamvisha bibi harusi pete bila mtu wa kuipiga picha. Ikabidi pete ivuliwe na kuvishwa tena. Mchungaji alimtazama kwa jicho kali. Yeye akainama kwenye lenzi zake mbili na kusema, "Sasa rudieni, lakini polepole, ile ya kwanza mulifanya mbio."

Alitukaripia wote kwa kufumba macho, kwa kuwa filamu haiokotwi barabarani. Kisha mimi mwenyewe nikamkuta nyuma ya studio amesimama juu ya kreti, akipiga picha mvua inavyotoka milima ya Kongo na kuvuka ziwa kuja kwetu.

"Hiyo picha ya nani, Papa?"

"Ya hakuna muntu," alijibu bila kugeuka. "Usisemeshe, inakuya."

Na alikuwa na maneno yake ambayo mpaka leo nayatumia kwa wateja wangu. "Muntu akikuambia niko tayari, ngoya kidogo, hayuko." Au: "Mwangaza haununuliwe, ndiyo maana bantu habaujali." Bibi yake naye alikuwa na neno lake moja, aliloliimba kila daftari lilipofunguliwa: "Apareyi, apareyi! Na bati?" Nyumba yao ilivuja. Mvua ikinyesha, mabeseni ya kusafishia picha yaliondoka studio na kwenda kusimama chini ya matundu ya paa.

Ilikuwa miaka ya baada ya mauaji ya kimbari, na kila mtu alihitaji uso wake kwenye karatasi. Vitambulisho vipya, vibali vya kuvuka daraja kwenda Kongo, vyeti vya shule vya watoto waliopoteza kila kitu. Sisi tuliozaliwa Kongo tulikuwa tumerudi na Kiswahili chetu na masufuria yetu. Wengine walikuwa wamekimbilia Kongo na vita ikawarudisha. Wengine hawakuwahi kutoka, na walibaki peke yao katika nyumba iliyokuwa na watu wanane. Wote walikaa kwenye benchi moja la Papa Foto wakingoja zamu, na hawakusemeshana sana. Mimi niliweka koti moja jeusi la suti na tai iliyofungwa tayari, nikawavalisha wanaume waliokuja na mashati ya kulimia. Nusu ya wanaume wa Mururu na Nzahaha waliopigwa picha wakati ule wamevaa koti langu. Ukikuta kitambulisho cha mmoja wao, tazama kifungo cha pili: hakifanani na vingine.

Ng'ambo ya mto Rusizi vita ilikuja, ikatulia, ikarudi. Kuna asubuhi tulizosikia mizinga ya Bukavu tukiwa tunafungua milango. Mpaka ukifungwa, tulikaa tukitazamana. Ukifunguliwa, foleni ilianzia kwake ikaishia kwangu.

Katika vita ya pili ya Kongo, asubuhi moja ya foleni kubwa, ile kamera ya lenzi mbili ilikufa. Alitoka nayo mikononi, akaiweka taratibu juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa.

"Imekatala kufunga jicho," alisema. "Kabisa. Ndani kumevunjika."

Nilitaka kumpa pole. Nikainua macho, nikamwona: anameremeta kama mtoto aliyeambiwa leo hakuna shule.

"Maman Divine," akasema, na sauti ilimtetemeka. "Sasa ni lazima."

Wiki ile haikuwa wiki ya kazi, ilikuwa bunge. Akiba yake ilitosha kamera moja tu, na kamera zilikuwa tatu.

Ya kwanza ilikuwa Ile Inayotapika. Mfanyabiashara mmoja wa Bukavu alikuwa nayo, ya lenzi nne, inayotoa picha nne za kitambulisho kwa mpigo mmoja. Mtu anakaa, anapigwa, anahesabu mpaka sitini, anaondoka na uso wake mkononi. Ungeiweka karibu na daraja, pale watu wanapogombana na saa, usingepata nafasi ya kunywa chai.

Ya pili ilikuwa ya ajabu. Mwandishi wa habari wa Ulaya alikuwa amepita Kamembe akielekea vitani, akampiga Papa Foto picha mlangoni kwake, kisha akageuza mgongo wa kamera na kumwonyesha uso wake mwenyewe ukimtazama. Hakuna filamu, hakuna dawa, hakuna maji. Papa Foto aliniita kwa ukelele nikadhani nyumba inaungua. Kwa siku tatu alitembea akiuliza kila mtu: "Lakini ile picha inalala wapi? Ukizima apareyi, inalala wapi?" Kuipata hapa kwetu ilikuwa ndoto, lakini alitaka kusubiri. "Tusinunue kintu," alisema asubuhi moja. "Tungoye miaka mbili, hii ya bila filme itashuka hata huku." Saa sita mchana alikuwa amebadilisha mawazo.

Ya tatu ilikuwa Ile ya Wadudu. Katika uwanda wa Bugarama, kwenye kiwanda cha simenti, kulikuwa na fundi mgeni aliyekaribia kurudi kwao. Siku zake za mapumziko alikuwa akiingia kwenye mashamba ya mpunga na kupiga picha panzi na vipepeo. Kamera yake ilikuwa na lenzi ya pili, fupi na nene, ambayo, walisema waliomwona, ilisogea mpaka karibu kuligusa jani, na bado ikaona sawasawa. Alikuwa anaiuza.

"Na panzi watakuja hapa kwa kitambulisho?" nilimuuliza.

Benchi zima likacheka, na yeye pia. Mimi nilikuwa upande wa Inayotapika, nasema wazi. Nilishaona koti langu likivaliwa na watu mia kwa siku. Niliipigia kampeni kupitia ukuta, nikawapanga wateja wamwambie hivyo hivyo. Ijumaa akafunga daftari.

"Sawa. Jumatatu mpaka ukifunguliwa navuka. Inayotapika."

Nilipiga vigelegele. Bibi yake, aliyekuwa amemletea chakula, alitikisa kichwa, akaangalia upande wa nyumbani, mahali ambapo bati jipya lingekaa.

Mchana huo huo akaja mama mmoja wa Nzahaha. Tulimwona akisimama mlangoni muda mrefu kabla ya kuingia, kifurushi cha plastiki amekibana kifuani. Alizungumza Kinyarwanda, taratibu, kana kwamba amelirudia jambo hilo njia nzima. Kwenye plastiki kulikuwa na picha ya harusi: watu kama thelathini kwenye ngazi za kanisa, picha yenyewe haikuzidi kiganja. Nyuma ya bega la bibi harusi kulikuwa na kichwa cha mtoto, kikubwa kama punje ya haragwe.

"Huyu ni wangu," alisema. "Uwera. Hapo ana miaka mitano. Tulikuwa tunakimbia msituni kule Kongo, watu wengi, risasi nyuma. Nilikuwa nimemshika mkono. Kisha nikawa nimeshika mkono wa mtoto wa mtu mwingine."

Hakulia. Alieleza kwamba kuna watu wanaopeleka picha za watoto waliopotea mpaka masoko ya kule, lakini hii hawawezi kuitumia, uso hauonekani. Alitaka uso peke yake, mkubwa. Mahali pengine walimwambia aiache picha wiki mbili iende Kigali.

"Siwezi kuiacha hata siku moja," alisema. "Ikipotea nayo, nitakuwa sina alama kwamba nilimzaa."

Papa Foto alichukua kioo chake cha kukuzia, akakaa na ile punje ya haragwe muda mrefu. Mimi nilijua tatizo. Kwa lenzi mbili tulikuwa tumeshawarudisha wengi wenye picha za namna hiyo. Ile kamera haikuona kitu kilicho karibu zaidi ya hatua moja. Aliinuka, akamrudishia mama picha yake kwa mikono miwili.

"Maman Divine, Inayotapika inaweza kusogelea kintu mpaka wapi?"

Nililitazama koti langu.

"Miye nayua. Iko naona muntu mukubwa, amekaa kwa kiti. Basi."

"Papa, huyu ni mama moya," nilimnong'oneza kwa Kiswahili, ili yule asielewe. "Kule darajani kuko bantu mia."

"Bale mia watapata mwengine wa kubapiga," alisema. Akamgeukia mama kwa Kinyarwanda. "Rudi Jumatano. Uje na picha yako, na hautaiachilia mkononi."

Jumatatu hatukuvuka daraja. Tulishuka Bugarama nyuma ya kamioneti, mimi nikiwa na mavazi ya kazi niliyowashonea watu wa kiwandani, yeye na akiba yake ndani ya soksi, ndani ya kiatu. Njia nzima alisema. Alisema kuhusu vioo, kuhusu jua la bondeni, alisema kwamba labda fundi amekwisha kuiuza, akasema tena kuhusu vioo. Nami nilikuwa nimekasirika kwa ajili ya koti langu, lakini hasira ile sikuweza kuishika. Karibu na mtu aliyefurahi hivyo, kitu hukuambukiza.

Fundi alikuwa bado nayo. Kifaransa chake kilikuwa cha maneno ishirini, cha Papa Foto labda hamsini, na hawakuhitaji hata kumi. Mgeni akaweka punje moja ya mpunga juu ya ukuta, akafunga lenzi ile nene, akampa. Papa Foto akainama. Akasogea. Akasogea tena. Nikaona mgongo wake ukisimama tuli.

"Maman Divine," alisema bila kuinua kichwa, "muchele uko na manywele."

Nikachungulia. Ilikuwa kweli. Ganda la mpunga lilikuwa na vinyweleo vidogo vya dhahabu, vimejipanga kama vya mkono wa mtoto. Nimekula wali maisha yangu yote sikuwa nimejua. Nilianza kucheka, na fundi akacheka, na Papa Foto alikuwa akifuta machozi kwa tai yake. Kisha wanaume wale wawili wakaenda mashambani kwa saa nzima, wakipiga magoti mbele ya kila kitu, na wavunaji wakiwaangalia kwa huruma.

Jumatano mama wa Nzahaha aliwahi kufika kuliko sisi. Meza yangu ndiyo iliyokuwa imenyooka na kupata mwangaza wa mlango, kwa hiyo tuliondoa vitambaa. Tuliiweka picha juu yake, na mama akashika pembe moja kwa kidole, kama alivyoahidiwa. Papa Foto alipiga mara sita. Kabla ya kila mara alituambia tusipumue, na hatukupumua.

Filamu ilipokauka, akatuingiza sote kwenye kijichumba chake cha giza nyuma ya pazia, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa mteja yeyote. Taa nyekundu, maji, karatasi nyeupe ndani ya beseni. Kwanza hakukuwa na kitu. Kisha kivuli. Kisha nywele.

"Kuya, kuya, kuya," Papa Foto aliinong'oneza karatasi. "Kuya mama."

Na mtoto akaja. Macho, pua, mdomo uliofunguka kidogo kama anayetaka kuuliza kitu. Uso ulikuwa na chembechembe, lakini ulikuwa uso. Na juu ya jicho la kushoto, nyusi ilikuwa imekatika katikati, mstari mweupe mwembamba.

Mama alishika ukingo wa beseni. "Jiwe la kusagia," alisema. "Aliangukia jiwe la kusagia. Nilikuwa nimesahau. Mungu wangu, nilikuwa nimesahau ile alama." Hapo ndipo alipolia, na sisi pia, wote watatu tukiwa wekundu kwenye ile taa.

Papa Foto alitoa nakala kumi. Wanawake wanaovuka na kurudi na unga wa mihogo walizibeba kwenye vikapu. Miezi ikapita, mpaka ukafungwa, ukafunguliwa. Mmoja wao akarudi na neno: kuna mama njia ya Walungu, huko Kongo, ana binti wa nyusi iliyokatika, hakumzaa, alimkuta kando ya barabara.

Siku waliyokuja studio walikuwa watatu. Mama wa Nzahaha, mama wa Walungu, na katikati Uwera, mrefu, wa miaka karibu kumi. Alijua Mashi, lugha ya kule, na Kiswahili. Kinyarwanda kilikuwa kimemtoka chote. Alikuwa ameshika kitenge cha mama wa Walungu na hakukiachilia.

"Nilimukutaka peke," mama yule alituambia. "Alikuwa na kikombe ya bati, anauliza kila muntu maji. Miye sikuiba mutoto wa bantu. Nilingoya muntu aulize. Hakuna aliuliza."

"Nimeuliza," mama wa Nzahaha alisema, nami nikatafsiri. "Niliuliza kila siku. Ni mbali tu."

Papa Foto, aliyekuwa akiwapanga watu maisha yake yote, songa hivi, inua kidevu, karibia mwenzako, siku ile hakumpanga mtu. Aliweka viti viwili na akasubiri. Wale mama wawili wakakaa. Uwera akabaki amesimama upande wa mama wa Walungu, na kati yake na mama aliyemzaa kulikuwa na nafasi ya kupitisha mkono. Nilimtazama Papa Foto; kidole kilikuwa tayari, na hakubonyeza. Kisha mama wa Nzahaha akanyoosha mkono, hakumgusa binti, aligusa goti la yule mama mwingine na kuuacha mkono pale. Uwera akautazama ule mkono. Akasogea hatua moja, ili aone vizuri nini kinachofanyika.

Ndipo Papa Foto akabonyeza.

Uwera alikaa Nzahaha na kusoma huko, na kila likizo, mpaka ukiwa wazi, alivuka kwenda Walungu. Hayo niliyaona mwenyewe, maana sare zake nilizishona mimi.

Inayotapika ilinunuliwa na mtu mwingine, akaiweka karibu na daraja, na ikawa kama nilivyosema. Foleni ikahama. Koti langu lilitundikwa likapata vumbi. Kuna siku nilimsikia Papa Foto nyuma ya ukuta akifungua daftari na kulifunga bila kuniita, na bibi yake safari hii hakutaja bati, jambo lililoniuma zaidi. Lakini wenye vipande walianza kuja, kutoka mbali, hata Kibuye: nusu ya kadi ya ubatizo, picha iliyokatwa na panya, uso uliobaki kwenye kitambulisho kilichoungua. Aliwasogelea wote kwa lenzi ile. Na kila uso ulipojitokeza majini aliniita, nami niliacha cherehani nikaenda. Sikuwahi kujutia hata mara moja kwenda.

Mimi niliondoka Kamembe wakati Divine wangu alipoolewa Kigali. Miaka mingi ilipita. Mara ya mwisho kumwona nilikuwa nimekuja Kamembe kwenye msiba, nikawa natembea barabara kubwa nikishangaa maghorofa, nikamwona mzee amesimama ndani ya duka la simu na kamera, pua karibu iguse kioo. Mgongo ulikuwa umepinda. Nilimjua kwa namna alivyoinama.

"Papa Foto!"

Aligeuka kuelekea sauti. Macho yake yote mawili yalikuwa na ukungu mweupe.

"Hiyo sauti ni ya cherehani," alisema, na akanishika mikono miwili. "Maman Divine! Umekuya saa muzuri kabisa. Niambie, ile ya juu, nyeusi, iko na kioo cha kugeuka ao hapana?"

Muuzaji, dada mpole, alinieleza kwa sauti ya chini kwamba mzee anakuja kila siku wiki nzima. Watoto wake wamemtumia pesa za kupasuliwa macho, hospitali inamsubiri, na yeye yuko hapa anauliza kamera. "Nimemwambia simu yake inapiga picha, Maman. Hataki."

Nikawa mkali, kama zamani. "Papa, ni kweli? Makuta ya macho, pesa ya watoto?"

"Ni kweli."

"Na utapiga picha na nini, kama hauone?"

"Ngoya nikueleze." Alinivuta pembeni, na sauti ilianza kumtetemeka kwa furaha, ile ile. "Munganga alisema macho mbili. Nikamuuliza: moya peke ni kiasi gani? Akasema ni nusu. Nusu, Maman Divine! Sasa niambie, weye ulikuwa pale miaka yote: uliwahi kuniona nachungulia na macho mbili?"

Nilicheka, kama siku ya viazi.

"Jicho moya, munganga. Ile nusu ingine, apareyi. Nimeshaamua. Kintu kimebakia ni kimoya tu, kuchagua lile jicho, ndiyo maana nafurahi umefika. Ya kuume ama ya kushoto? Simama pale kwa mulango, penye mwangaza."

Nikaenda nikasimama. Watu walipita barabarani, dada wa duka aliacha kazi akatuangalia. Papa Foto akafunika jicho la kushoto kwa kiganja, akaniangalia muda mrefu na la kulia. Akabadilisha. Akarudi la kwanza. Akasogea hatua moja, kisha nyingine, mpaka nikasikia pumzi yake usoni.

"Lipi, Papa?"

"Kimya," alisema. "Unatikisika."